Kambi za macho Pwani: tunahesabu waliopasuliwa, hatuhesabu wanaoona

Mtaani kwetu yuko maalim mmoja wa chuo aliyepasuliwa jicho la kulia katika kambi ya bure ya macho. Mtoto wa jicho alikuwa amekomaa hata ukimtazama maalim usoni unamwona, mweupe kama tui. Kwa miaka miwili maalim alikuwa akishikwa mkono na mjukuu wake kwenda msikitini. Siku ya pili baada ya operesheni alifunguliwa kitambaa, akamtazama yule mjukuu, akamuuliza mbona amekonda hivyo. Watu walicheka, wengine wakalia, picha zikapigwa. Jioni hiyo mheshimiwa aliyefadhili kambi alitangaza idadi ya waliopasuliwa, na maalim alikuwa mmoja katika hesabu hiyo.

Miezi mitatu baadaye nilimkuta barazani kwake. Msahafu ulikuwa juu ya marfaa, lakini umefungwa.

"Shikamoo maalim. Jicho lasemaje?"

"Marahaba mwanangu. Alhamdulillahi, watu nawaona, njia naiona. Lakini nukta zimenikimbia."

Aliyepitia chuoni ataelewa mara moja. Be, te na the zina umbo moja. Kinachozitenganisha ni nukta: moja chini, mbili juu, tatu juu. Maalim alikuwa akiliona umbo, ila nukta zilikuwa zimevutika na kuungana kama wino ulioguswa kwa kidole kabla haujakauka, na kila herufi ilikuwa na kivuli chake pembeni. Qur'ani ameihifadhi, kwa hivyo hilo halikumtisha. Kilichomuuma ni ubao na daftari za watoto. Mtoto akiandika the mahali pa te, maalim halioni kosa. Na watoto, kama tunavyowajua, walikuwa wameshaligundua hilo siku nyingi.

Mwenyewe alikuwa ameamua kwamba mtoto wa jicho amerudi. Jirani yake, bibi wa miaka sabini na kitu ambaye macho yake yote mawili yameingia ukungu, alikuwa ameisikia habari hiyo na kusema hatatia mguu katika kambi yoyote. "Kama maalim mwenyewe imemshinda, mimi ni nani?"

Mwishowe mwanawe alimpeleka maalim kwa mpimaji macho mjini. Lenzi iliyowekwa ilikuwa safi, nyuma ya jicho hakuna tatizo. Kilichoonekana ni astigmatizimu ya diopta mbili na nusu, iliyoachwa na operesheni yenyewe. Aliwekewa vioo vya kujaribia mbele ya jicho, mpimaji akakizungusha kimoja polepole, na maalim akasema, "Hapo! Hapo usiguse." Nukta zilikuwa zimerudi mahali pake.

Kwa hiyo upasuaji wa maalim haukuharibika. Haukumalizwa. Na ukizunguka Pwani hii kuanzia Vanga mpaka Kiunga utawakuta wengine kama yeye, ambao jicho lao lilifunguliwa, likahesabiwa, kisha likaachwa njiani.

Tuanze na ugonjwa wenyewe, ikiwa ni haki kuuita ugonjwa. Konea, kile kioo kinachong'aa mbele ya jicho, kwa kawaida imejipinda sawasawa pande zote kama ganda la chungwa. Penye astigmatizimu imejipinda kama limau: ukiifuata kwa urefu unapata mpindo mmoja, ukiifuata kwa upana unapata mwingine. Mwangaza unaopita penye mpindo mkali unakutana mapema, na ule wa mpindo mpole unakutana mbele zaidi, kwa hiyo hakuna mahali unapokutana wote. Nukta inageuka kuwa kistari. Taa ya pikipiki usiku inaota mkia.

Si jambo jipya. Mwingereza Thomas Young alilieleza mwaka 1801 baada ya kulipima katika jicho lake mwenyewe, na mwaka 1825 George Airy, mtaalamu wa falaki, alitengenezewa lenzi ya silinda ya kurekebisha jicho lake la kushoto. Dawa hii basi ina miaka mia mbili. Ni kipande cha kioo kilichochongwa kwa mpindo wa upande mmoja, kikawekwa kwenye fremu kwa pembe inayofaa.

Sasa kwa nini operesheni ya kutoa mtoto wa jicho iilete hali hii? Muulize fundi cherehani. Kitambaa ukikikata kisha ukakishona kwa mshono uliokazwa, kinajikunja penye mshono. Ukikishona kwa kulegeza, kinalala. Konea nayo ni hivyo hivyo. Uzi ukikazwa, konea inainuka katika mstari wa uzi ule. Mkato ukiachwa au ukilegea, inalala bapa katika mstari ule ule. Kwa vyovyote, mkato unabadilisha umbo, na kadiri mkato unavyokuwa mrefu na unavyoikaribia konea, ndivyo umbo linavyobadilika zaidi.

Katika mtindo wa zamani daktari alikata milimita 10 hadi 12 juu ya jicho, akatoa mtoto wa jicho mzima, akaweka lenzi na kushona kwa nyuzi nyembamba kuliko unywele. Jicho lilikuwa likibaki na astigmatizimu kubwa mpaka baadhi ya nyuzi zitolewe wiki kadhaa baadaye. Wangapi walirudi kutolewa nyuzi? Mitindo ya leo ni bora zaidi. Kambi nyingi na hospitali zetu nyingi hutumia mkato mdogo wa mkono, wa milimita 6 au 7, unaochimbwa kama kijia cha mshazari katika sehemu nyeupe ya jicho na kujifunga wenyewe bila uzi. Hospitali zenye mashine ya mawimbi ya sauti hupitia tundu la milimita 2 au 3. Mkato wa mashine kwa kawaida huacha hitilafu ya nusu diopta hivi. Ule wa mkono huacha diopta moja hivi, zaidi au pungufu kutegemea ukubwa wake, umahiri wa daktari na, jambo linalosahauliwa sana, mahali alipokata.

Hapo pa mahali inafaa tukae kidogo. Madaktari wengi walifunzwa kukata juu, chini ya kope, wakiwa wamekaa kichwani pa mgonjwa. Kope inalifunika jeraha, na daktari hahitaji kuhamisha kiti chake anapotoka jicho la kulia kwenda la kushoto. Lakini uzee wenyewe una kawaida ya kuibadilisha konea: kijana akiwa na hitilafu, mara nyingi mpindo mkali ni wa wima, na mzee mara nyingi ni wa ulalo. Mkato wa juu unaulaza ule wa wima, yaani unaongeza hitilafu ile ile iliyoanzishwa na uzee. Mkato wa pembeni, upande wa sikio, unalaza mpindo wa ulalo, kwa hiyo kwa wazee wengi unapunguza. Tofauti ni kuhamisha kiti na kuipima konea kabla ya kushika kisu. Kifaa cha kupimia konea si mashine ya ajabu, na bila kipimo hicho huwezi hata kuchagua nguvu ya lenzi ya kumwekea mtu. Kulikuwa na wakati katika nchi nyingi maskini ambapo kila aliyepanga foleni aliwekewa lenzi ya nguvu ile ile, kama viatu vya saizi moja kwa mtaa mzima.

Pwani yetu ina jambo jingine la kuzidisha. Jua, chumvi na vumbi huwaotesha watu wetu kinyama cha jicho, kile kinachotambaa kutoka pembeni kuingia kwenye konea. Wavuvi wanakijua vizuri. Kinyama hicho kinaivuta konea na kuilaza, na kikitolewa umbo linabadilika tena. Mtu akipimwa na kuwekewa lenzi kinyama kikiwa bado kipo, halafu kikaja kutolewa mwaka unaofuata, vile vipimo vya kwanza vimekwisha kazi. Mpangilio wa busara ni kutoa kinyama kwanza ikiwa ni kikubwa, kungoja konea itulie, ndipo upime na kushughulikia mtoto wa jicho. Kambi ya siku mbili haina nafasi ya kungoja huko.

Mtu anaweza kufikiri kwamba lawama yangu ni kwa madaktari wanaotumia mkono. Hapana. Sanduk Ruit na wenzake wa Nepal walilinganisha mtindo wa mkono na ule wa mashine kwa wagonjwa 108, matokeo yakachapishwa mwaka 2007. Baada ya miezi sita, bila miwani, asilimia 89 ya waliopasuliwa kwa mkono waliweza kusoma mstari wa 6/18 au chini yake, na asilimia 85 ya waliopasuliwa kwa mashine. Mkono ulichukua dakika 9 hivi, mashine zaidi ya 15, na mkono ulikuwa wa bei nafuu. (6/18 maana yake ni kwamba unachokiona ukiwa mita 6, mwenye macho mazima anakiona akiwa mita 18.) Lakini katika utafiti huo huo, walipowekewa vioo vinavyowafaa, waliofika mstari huo walikuwa asilimia 98 katika makundi yote mawili.

Zitazame namba hizo mbili, 89 na 98. Kati yake kuna watu tisa katika kila mia ambao jicho lao ni zima, lenzi yao ni nzuri, daktari wao ni miongoni mwa mafundi wakubwa wa kazi hiyo duniani, na bado hawaoni vizuri kwa sababu hawana kioo mbele ya jicho. Hiyo ni Nepal, mikononi mwa Ruit. Kambi ya haraka, yenye foleni inayozunguka uwanja wa shule, daktari amechoka na konea hazikupimwa, haiwezi kuwa na pengo dogo kuliko hilo.

Nikikumbuka wazee wa utotoni mwetu naona kitu cha ajabu. Waliopasuliwa macho siku zile walivaa miwani minene kama chini ya chupa. Lenzi ya jicho ilikuwa ikitolewa bila kuwekwa nyingine, kwa hiyo mtu asipopewa miwani hakuona chochote. Hakuna daktari aliyethubutu kusema kazi imekwisha kabla mgonjwa hajavaa miwani. Kisha ikaja lenzi ya kuwekwa ndani, ambayo Harold Ridley aliiweka kwa mara ya kwanza London mwaka 1949 na ambayo ilitufikia sisi miongo mingi baadaye, iliposhuka bei. Ilikuwa neema kubwa. Lakini pamoja na ile miwani minene tukaitupa pia ile desturi ya kumpima mtu na kumkabidhi miwani yake. Kambi ikawa ni kisu, kitambaa, matone ya dawa, picha na kwaheri.

Shirika la Afya Duniani lililiona pengo hili mapema. Mwongozo wake wa mwaka 1998 ulitaka angalau asilimia 80 ya waliopasuliwa wafike 6/18 kwa namna wanavyoishi, yaani kwa miwani waliyo nayo au bila, na asilimia 90 wakiwekewa vioo vya kuwafaa. Mwaka 2021 Baraza Kuu la Afya Duniani lilipitisha malengo ya 2030 na kubadilisha hata kipimo. Siku hizi haitoshi kuuliza wangapi kati ya wenye mtoto wa jicho wamepasuliwa. Swali ni wangapi wamepasuliwa na wakaona vizuri, na kuona vizuri kumepandishwa hadi 6/12, kwa macho kama yalivyo siku ya kupimwa, si kwa macho yatakavyokuwa siku moja watakapopata pesa ya miwani. Utafiti uliochapishwa na Lancet Global Health mwaka 2022 ulitumia kipimo hicho kwa nchi 55: Guinea-Bissau ilipata asilimia 3.8, Hungary asilimia 70.3. Kwa hesabu hiyo, maalim wetu alihesabiwa na mheshimiwa lakini dunia isingemhesabu.

Na hapa ndipo siasa inapoingia. Idadi ya waliopasuliwa hupatikana jioni ya kambi, kabla wapiga picha hawajaondoka. Idadi ya wanaoona haipatikani mpaka wiki sita au nane zipite, jeraha litulie, na mtu akae na kila mgonjwa ampime. Wakati huo jukwaa limeshafunguliwa, viti vimerudishwa, mheshimiwa yuko kwenye jambo jingine. Sisemi wanafadhili kwa nia mbaya. Aliyemrudishia mtu mwanga ana thawabu yake kwa Mola. Ninasema kwamba kila mtu hufanya bidii katika kile anachohesabiwa, na sisi tunawahesabia visu.

Nimemsikia daktari mmoja akijibu hoja hii, na jibu lake lina uzito. Alisema: mtu alikuwa kipofu, anashikwa mkono, leo anatembea peke yake, anapika, anahesabu pesa zake. Wewe unalia kwa kuwa hasomi mstari wa chini. Pesa za miwani yake zingesaidia kupasua kipofu mwingine. Kama foleni ni ya vipofu wa macho mawili, nakubali kwamba yule ambaye hajaguswa atangulie. Lakini hesabu hiyo inasahau yule bibi jirani. Kila anayetoka kambini akisema "nimepasuliwa lakini sioni sawa" anawarudisha nyuma wawili watatu ambao walikuwa wakijiandaa kwenda. Miwani ya maalim ingemfungulia bibi yule njia kuliko tangazo lolote la redio. Kisha kuna kazi za watu wetu. Mshona kofia, fundi wa kuchonga milango, mvuvi anayefunga ndoana, maalim: kwao ukungu wa diopta mbili na nusu ni kupoteza riziki, hata kama njia wanaiona.

Mtu ataniambia basi si wanunue miwani, tele ziko barabarani. Ni kweli, Mwembe Tayari utazipata zimepangwa kwenye ubao, unajaribu mbili tatu, unalipa, unaondoka. Miwani hiyo inafaa kwa wengi wanaohitaji kukuza maandishi tu. Lakini vioo vyake vina mpindo mmoja pande zote. Havina silinda, kwa hiyo astigmatizimu haviigusi, vinaukuza ukungu. Maalim alikuwa ameshanunua pea tatu kama hizo, na kila moja ilimthibitishia kwamba jicho limeharibika. Kioo cha silinda lazima kichongwe kwa jicho la mtu huyo mmoja, na kikae kwa pembe yake. Kikizunguka kidogo tu kinapoteza nguvu. Ndiyo maana fremu iliyopinda, iliyofungwa kwa uzi upande mmoja, inaweza kumfanya mtu aone vibaya kuliko bila miwani. Ipo pia lenzi ya ndani yenye silinda, inayowekwa wakati wa upasuaji. Inafanya kazi vizuri ikikaa pembe yake, lakini bei yake si ya mtu wa kambi ya bure, na bila vipimo makini ni pesa kutupwa baharini.

Ugumu mkubwa zaidi ni njia. Wanaopanga ratiba husema "mgonjwa arudi baada ya wiki sita", kana kwamba kurudi ni kuvuka barabara. Mtu wa Kizingitini au Faza anahitaji chombo mpaka Lamu. Wa Ganze, Magarini au Kinango anahitaji matatu, pikipiki, na mtu wa kumsindikiza ambaye siku hiyo hatafanya kazi. Akifika anaambiwa miwani haichongwi hapa, itaagizwa, arudi tena. Huyo hatarudi, na halafu anaandikwa kwenye daftari kwamba "hakuhudhuria".

Hili linatatulika bila miujiza. Anayepima miwani si lazima awe daktari bingwa. Nchi hii inafunza wapimaji macho, na inafunza matabibu wa macho ambao baadhi yao wamesomea hata kupasua mtoto wa jicho. Sanduku la vioo vya kujaribia hubebwa kwa mkono mmoja na kuingia kwenye mashua. Mpimaji mmoja akizunguka zahanati za kisiwani wiki ya saba baada ya kambi, akapima, akaandika, na miwani ikaletwa kupitia zahanati hiyo hiyo, mgonjwa hajapanda chombo hata mara moja. Afya ni kazi ya kaunti kwa mujibu wa Katiba ya 2010, kwa hivyo swali hili ni la bunge la kaunti na waziri wa afya wa kaunti, si la Nairobi. Pwani si jangwa la huduma za macho. Kuna Kwale Eye Centre, kuna Lighthouse for Christ Mombasa, kuna hospitali kuu ya rufaa. Kinachokosekana ni ile safari ya pili kuandikwa katika bajeti tangu siku ya kwanza. Mfadhili akija na pesa za macho mia moja, kaunti ingemwambia: pasua themanini, na hizo nyingine ziwe za kuwapima na kuwavika miwani hao themanini. Namba hizo nimezitoa za mfano, wahasibu wana zao.

Nairobi nayo ina lake. Tangu Oktoba 2024 SHA ilipochukua nafasi ya NHIF, mwajiriwa anakatwa asilimia 2.75 ya mshahara wake, na hospitali inalipwa kwa kila operesheni. Malipo ya mtoto wa jicho yangegawanywa mara mbili: sehemu kubwa siku ya upasuaji, na sehemu iliyobaki hospitali inapoleta kipimo cha wiki ya sita na uthibitisho kwamba mgonjwa anayehitaji miwani amepewa. Nakuhakikishia wagonjwa wangetafutwa hadi majumbani.

Kwa aliyepasuliwa tayari, au mwenye mzee nyumbani, kuna machache ya kujua. Kwanza, si kila ukungu baada ya operesheni ni astigmatizimu. Jicho likiuma, likawa jekundu, au likapungua kuona ghafla, hiyo ni hospitali siku hiyo hiyo, usingoje kesho. Ukungu unaokuja taratibu baada ya miezi au miaka mara nyingi ni utando nyuma ya lenzi, nao husafishwa kwa mwale wa leza kwa dakika chache. Huo ndio watu wanaouita mtoto wa jicho kurudi. Na ipo pia presha ya macho na athari za sukari, ambazo miwani haiziponyi. Jaribio moja dogo unaweza kulifanya nyumbani: toboa tundu kwa pini kwenye kadi ngumu, funika jicho jingine, mwambie mzee atazame maandishi ya ukutani kupitia tundu hilo. Akiona vizuri zaidi kuliko bila kadi, kuna uwezekano mkubwa kwamba anachohitaji ni kioo. Asipoona tofauti, bado apelekwe. Ni dalili tu.

Wiki za mwanzo jicho lisisuguliwe, kwani jeraha lisilo na uzi likisukumwa linaweza kulegea na umbo likabadilika. Wazee wetu hapa huhangaika na udhu na kusujudu. Daktari aulizwe waziwazi ni siku ngapi, kisha sheikh aulizwe namna ya kuswali siku hizo. Dini imewapa wagonjwa nafuu na hakuna haja ya mtu kubahatisha. Na miwani ya kudumu isinunuliwe kabla ya wiki sita, maana konea bado inatembea. Ikiwa ulishonwa kwa nyuzi, uliza kama zinapaswa kutolewa na lini.

Maalim sasa ana miwani. Ilikuja kutoka Nairobi baada ya siku kumi na tano, fremu ya kahawia ambayo anailaumu kwamba inamfanya aonekane karani wa bandarini. Chuoni makosa ya te na the yamepungua sana. Jicho la kushoto limepangiwa operesheni, na safari hii ameshauliza watakata upande gani, jambo ambalo nasikia lilimfanya daktari anyanyue kichwa na kumtazama. Yule bibi jirani amekuja mara mbili kuitazama miwani, ameishika, ameigeuzageuza. Kwenda kupimwa bado hajakubali.